Sahani Mbili za Gazi

Ilikuwa mwaka wa arubaini na sita. La, nimekosea. Ilikuwa arubaini na saba, maana ule mgomo wa makuli wa bandarini ulikuwa umeshapita na masika nayo yameshaanuka, ndipo Khatibu alipompakia rafikiye Gershom kwenye baisikeli akampeleka Msambweni.

Wote wawili walikuwa waezekaji wa makuti pale Likoni. Khatibu mzaliwa wa hapo hapo, babake alikuwa muadhini. Gershom alikuwa Mrabai, Mkristo, aliyeshuka pwani kutafuta kibarua cha mwezi mmoja akakaa miaka kumi na mmoja. Miaka yote hiyo walipanda mapaa pamoja, mmoja upande huu wa mwamba wa paa na mwenziwe upande ule, hawaonani, wakitaniana juu kwa juu mpaka wapita njia husimama kusikiliza. Adhuhuri mwenye nyumba huwaletea chakula kwa sinia moja. Ndiyo desturi ya waezekaji: mkila mbalimbali, paa moja hampandi, kwani kule juu roho yako iko mkononi mwa mwenzio.

Basi siku moja Khatibu akaona damu juu ya makuti. Gershom alikuwa amejikata kidole kwa kisu cha kamba, na bado yuwafunga, yuwasimulia kisa cha mbuzi wa mamake, wala hana habari. Alipoonyeshwa, alikitazama kile kidole kama kitu cha mtu mwingine.

Haukupita muda habari ikazagaa. Hakuna aliyeyataja maradhi kwa jina lake. Walisema "yale mambo", wakashusha sauti. Mwenye nyumba aliyopanga Gershom alimwomba kwa adabu amrudishie chumba, ati mwanawe yuwaja kuoa. Mganga wa zahanati akamwambia kuna mahali Msambweni ambapo watu wenye ukoma hutunzwa, aende mapema. Akaenda kusimama penye basi, na utingo alipoiona ile mikono iliyofungwa vitambaa alisema basi limejaa, na viti vitupu vyaonekana dirishani.

"Nitakupeleka mimi," Khatibu akamwambia jioni ile. "Na njia nzima tutakula kama tulivyokula siku zote."

Gershom alicheka, na alikuwa hajacheka tangu siku ya kile kidole. Hilo tu ndilo alilotaka: aende kama mtu aendaye na mwenziwe, si kama mzigo upelekwao.

Walitoka asubuhi na mapema. Gershom alikaa nyuma kwenye karia, bahasha yake, lile furushi la nguo, mapajani, mikono yote miwili imemzunguka Khatibu kiunoni. Umande ulikuwa bado, barabara nyekundu imelainika, na minazi imesimama huku na huku kama watu waliotoka kuwaaga. Walipopanda kilima Gershom alikuwa akimhimiza mwenziwe kama punda, na Khatibu akamuuliza kama usiku alikula chakula au alimeza gunia la nazi.

Walipofika kijiji cha Waa walinunua mahamri na mbaazi, wakala sahani moja. Watu wa pale walitazama vile vitambaa kisha wakatazama kando, na Khatibu akatia mkono sahanini kwa madaha, makusudi, waone. Tiwi walipewa dafu, wakanywa kwa zamu. Kila kijiji walichopita walisoma mapaa yake. Hili limeezekwa na mtu mwenye haraka. Lile makuti yake yamebanana vizuri, aliyelifanya alilipwa mapema. Karibu na daraja la Mwachema paliposimama nyumba moja imeinama, Gershom akasema paa lile ni kama kofia ya mlevi, na Khatibu alicheka hata baisikeli ikaingia majanini. Walikaa pale chini wakashika mbavu zao. Bahari ilikuwa yaonekana baina ya minazi, buluu, imetulia. Khatibu alijiambia kuwa yuwaweza kumfikisha. Walikuwa wamekaribia nusu ya njia na ahadi yake ilikuwa haijavunjika.

Gazi walifika jua la utosi. Khatibu alikuwa hoi. Tangu Ukunda alikuwa akikanyaga baisikeli kwenye mchanga, jasho limemwingia machoni. Palikuwa na mama mmoja, Mwanarusi, auzaye wali na mchuzi wa papa barazani kwake. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunawa. Akaitazama mikono ya Gershom, tena akaitazama, wala hakusema neno baya.

"Niwapakulie sinia moja, wanangu, au sahani mbili?"

"Mbili," akasema Khatibu.

Lilitoka tu. Alikuwa yuwapangusa uso kwa kanzu, na neno likatoka kama linavyotoka pumzi. Alipoteremsha ile kanzu alimkuta Gershom yuwamtazama.

"Moja, mama," Khatibu akasema. "Nimekosea. Sinia moja."

"Mbili ni sawa," Gershom akamwambia yule mama, kwa upole kabisa. "Leo nina njaa, huyu atanimalizia."

Zikaja sahani mbili. Gershom alikula wali wake wote, akausifu mchuzi, akamuuliza Mwanarusi habari za wanawe. Khatibu alimega matonge matatu na la nne akalirudisha sahanini.

Kutoka pale mpaka Msambweni si mbali. Khatibu alikanyaga akingoja ile mikono imrudie kiunoni, lakini haikumrudia. Alidhani labda mwenziwe ameshika karia. Walipita vijiji na mapaa yake, mengine yameoza, mengine mapya yang'ara. Mara moja tu Khatibu alisema, "Lile je?" Gershom akajibu kuwa ni zuri.

Walipofika langoni, mhudumu mmoja mzee alitoka na daftari lake, akawaamkia vizuri. Gershom akashuka. Hapo ndipo Khatibu alipoona vile vitambaa vimelowa damu. Njia nzima kutoka Gazi alikuwa amejishikilia chini ya kiti cha Khatibu, kwenye springi, na kila walipoingia shimoni springi zile zilimbana vidole. Ngozi ilikuwa imechunika. Yeye mwenyewe hakusikia maumivu yoyote, alikuwa amesimama na bahasha yake kwapani kama mgeni aliyefika salama.

Khatibu alimuuliza. Gershom alifungua mdomo, na mhudumu akamwita jina lake, aje aoshwe vile vidonda kwanza. Akageuka akaenda. Kule mbele aliinua mkono mmoja, kisha akaingia ndani.

Masika ya mwaka uliofuata yaliikata barabara. Khatibu alipopata kurudi, amebeba makuti mawili mazuri aliyoyasuka mwenyewe ili mwenziwe ayasifu au ayakashifu, alionyeshwa kaburi la Gershom, lenye msalaba wa mti chini ya mikanju. Alichutama pale, akayaweka makuti yake juu ya udongo, akamuuliza tena lile lile alilomuuliza langoni:

"Gershom, mbona hukunishika?"