Mafuta ya Muhugu

Siku Muhonja alipojua kwamba pua yake imekufa, alikuwa amesimama jikoni akitazama sufuria ya maziwa. Moshi ulijaa nyumba yote, naye akauona kama ule ukungu unaotoka msitu wa Kakamega asubuhi na kutandaa juu ya mashamba ya chai. Akabaki akiutazama hivyohivyo. Binti yake Elsie ndiye aliyeingia mbio akazima jiko.

"Mum! Husikii harufu? Maziwa yameungua mpaka sufuria imekuwa nyeusi!"

Muhonja akainama juu ya sufuria, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akachukua kitunguu, akakikata, akakileta puani. Macho yakatoa machozi, lakini pua ilikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi katika kiwanda kidogo cha Industrial Area, Nairobi, ambacho sasa hakipo tena. Walikuwa wakikamua dawa na manukato kutoka kwa majani, maua na magome ya miti. Njia yao ilikuwa ya haraka: mmea unalowekwa kwenye kemikali nyepesi inayotokana na petroli, kemikali inanyonya uzuri wote wa mmea, kisha inachemshwa ipotee hewani, na uzuri unabaki chini kama nta. Iliyopotea hewani iliwapitia wao waliosimama pale. Jioni Muhonja alirudi nyumbani kichwa kikimwanga, na maji yaliyomwagwa nyuma ya kiwanda yalikuwa na rangi za upinde wa mvua. Daktari alimwambia mishipa ya harufu imechoka. Inaweza kuamka, inaweza isiamke.

Kiwanda kilipofungwa, alihama kutoka Kariobangi, akapata nyumba mtaa wa Kaloleni, zile nyumba za mawe za zamani zenye vigae vyekundu na uwanja wa nyasi mbele. Akazoea kuishi bila harufu. Chakula kilikuwa na moto na chumvi tu. Shuka zilizoanikwa juani zilikuwa kitambaa tu. Ila ndotoni pua yake ilikuwa nzima. Huko alimwona mama yake akifikicha majani ya mwonyi, ule mrehani wa kwao wenye harufu kali ya kafuri, na kumpaka kifuani alipokuwa mtoto mwenye kikohozi. Harufu ilikuja yote, kali na baridi, hadi machozi. Alipoamka alibaki kitandani, akiishika kidogo kabla haijaondoka.

Ni ndoto hizo zilizomrudisha kwenye mimea. Akaanza kuotesha mwonyi, mnanaa na mchaichai nyuma ya nyumba, na kukeneka mafuta kwa namna aliyojua haimdhuru mtu: maji, moto na subira. Mvuke unapita katikati ya majani, unabeba mafuta yake, unaingia kwenye bomba la shaba lililozamishwa ndani ya pipa la maji baridi, na huko unageuka tena kuwa maji. Mafuta yanaelea juu. Maji ya pipa alinyweshea sukuma wiki. Majani yaliyokwisha kazi aliyarudisha shambani.

Hakutaka makaa wala gesi. Alikwenda kwa Irungu, fundi wa jua kali wa Kariobangi waliyejuana tangu zamani, akamweleza. Irungu akacheka, kisha akaanza kufikiria kwa mikono. Akachukua dishi kubwa la televisheni lililotupwa, akalibandika vipande vya vioo kote ndani, akatengeneza na stendi ya kulizungusha lifuate jua.

"Mathe, hii usiiangalie moja kwa moja," alisema. "Hii ni jua yenyewe umefuga."

Tangu hapo, asubuhi zenye jua, Kaloleni ilikuwa na mwanga wa ajabu. Vioo vilitupa madoa ya nuru kwenye kuta na kwenye majani ya jakaranda, yakitembea polepole kadiri dishi lilivyozungushwa, na watu waliopita kwenda kazini walijikuta wamepunguza mwendo.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Mzee Ndambuki, mchongaji kutoka Machakos. Maisha yake yote alichonga muhugu: twiga, vichwa vya wazee, vijiko vya saladi vya watalii. Sasa mikono ilitetemeka na tezo lilikuwa limening'inizwa ukutani. Na hata kama mikono ingetulia, muhugu wenyewe haukupatikana tena. Ni mti unaokua taratibu sana, na ulikuwa umekatwa kuliko ulivyoweza kuota.

Mkewe, Mbeti, alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kila asubuhi mzee alimtoa nje, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki penye jua, akamchana nywele. Alikuwa mama mzuri wa uso, mwenye macho yaliyotazama mahali ambapo wengine hawakuona. Alimwita mumewe "wewe mgeni," kwa adabu, na kumshukuru kwa chai. Jina la mumewe hakuwa amelitamka kwa muda mrefu.

Siku moja Muhonja aliingia kwao kuazima ungo, akaona magunia yamepangwa nyuma ya kitanda.

"Ni nini hii, Baba Muoki?" akamwuliza mzee.

"Maranda tu. Ya muhugu. Nilipofunga karakana niliyaleta. Watu waliniambia niyachome." Mzee akatikisa kichwa. "Sikuwa na moyo huo."

"Yananukia?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. Kisha akaikumbuka hali ya pua ya Muhonja, akasema kwa upole, "Yalikuwa yananukia, mama. Zamani ukipita mbele ya karakana ungejua umefika hata ukiwa umefumba macho. Sasa yamekauka. Labda ndani kabisa kuna kitu kimebaki."

Ndani kabisa kuna kitu kimebaki. Maneno hayo yalimfuata Muhonja hadi nyumbani, akamfikiria Mbeti, na kesho yake akarudi kuomba gunia moja.

Jaribio la kwanza halikutoa kitu. Ilikuwa Julai, mawingu ya Nairobi yamekaa juu ya mabati kama blanketi la kijivu, na dishi lilipasha maji vuguvugu tu. Mbao si majani. Haiachii siri yake kwa mvuke dhaifu. Mwanamume mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani, Kweyu, alipita kumsalimia akamwona amekaa mbele ya chupa ya maji matupu.

"Kwa nini unajitesa?" Kweyu aliuliza. "Ile kemikali yetu bado inapatikana. Loweka gunia moja usiku kucha, kesho una mafuta."

"Najua."

"Basi?"

"Hiyo kemikali ilichukua yote ya mmea, Kweyu, halafu ikachukua na yangu. Siipeleki nyumba yenye mama mgonjwa."

Kweyu alikunywa chai yake, akamtakia heri.

Muhonja na mzee wakangoja jua. Katika kungoja huko Mzee Ndambuki alipata kazi. Muhonja alimwambia kwamba mbao ikisagwa kuwa unga na kulowekwa kwanza, mvuke utapenya. Mzee akatoa kinu, akaanza kutwanga maranda kidogo kidogo uwanjani. Mikono isiyoweza tena kuchonga jicho la twiga iliweza kuinua mchi na kuuachia. Mbeti alikaa karibu, akisikiliza mdundo ule, na mara nyingine mguu wake uliufuata.

Mawingu yalipoondoka, jua la Januari likaja jeupe na kali. Walijaza unga na maji kwenye mtungi wa kuchemshia, wakaelekeza dishi, na tangu asubuhi mvuke ukaanza kusafiri. Muhonja alizungusha vioo, mzee akabadilisha maji ya pipa, na mchana ukapita kama kitu kinachoelea. Watoto walirudi kutoka shule. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye ukumbi, sauti zikija na kupotea kwa upepo. Tone, na tone, na tone. Muhonja alihisi amekaa kwenye mlango wa ndoto zake mwenyewe, akiwa macho.

Jua lilipoanza kulegea, aliinua chupa juu kwenye mwanga. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wa rangi ya asali.

Akaileta chupa puani. Hakuna.

Alimpa mzee chupa. Ndambuki akainusa, akafumba macho, akageuka akaegemeza paji la uso ukutani.

"Ni yenyewe?" Muhonja aliuliza.

"Ni yenyewe."

Mzee alipogeuka, alikuwa amevua kofia. Muhonja akadondosha tone moja kwenye pindo la leso ya Mbeti na kulileta karibu na uso wake. Mbeti hakufanya lolote. Kisha kifua chake kikapanda, kikasimama kidogo, kikashuka. Mikono ikaanza kupangusa mapaja, kama mtu anayejikung'uta kitu. Akainua macho, na safari hii yalitazama mahali walipokuwa.

"Ndambuki," alisema kwa sauti ya mke aliyechoka kusema jambo lile lile. "Utaniletea hili vumbi kitandani mpaka lini?"

Mzee akapiga magoti kwenye nyasi. "Nitaoga, Mbeti. Nitaoga sasa hivi."

"Kila siku unasema hivyo." Akamgusa nywele, kana kwamba anatoa maranda. Akatabasamu.

Ulikuwa muda mfupi tu. Doa la nuru lilipohama ukutani, macho yake yalikuwa yamerudi kule yanakoishi, akamshukuru mgeni kwa kumsaidia kusimama. Lakini mzee aliingia ndani akaoga kweli, na Muhonja alimsikia kupitia ukutani akiimba Kikamba.

Baada ya siku hiyo, mafuta yalifanya kazi mara nyingine, na mara nyingine hayakufanya. Muhonja hakuyaita dawa, na mtu akimwuliza kama yanatibu alijibu hapana. Alijifunza kuwaendea wachongaji wa soko la Gikomba, wale waliobakiwa na vipande vya zamani, na kufagia walichokitupa. Hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya mafuta yake. Watu wa kutengeneza sabuni kule mtaa wa Umoja wakaanza kumtafuta.

Siku moja, wakiwa wamekaa wawili uwanjani, alimwuliza Mbeti jambo ambalo hakuwa amemwuliza mtu. Alimpa chupa, akasema, "Mama Muoki, nieleze. Inanukiaje?"

Mbeti aliisogeza chupa puani. "Kama shati ya mtu akirudi nyumbani," alisema.

Muhonja hakuwahi kuijua harufu ya muhugu. Alikuja Kaloleni pua ikiwa imekwisha kufa. Lakini usiku ule aliota anatembea kwenye njia nyekundu ya kwao, na mbele yake kuna mtu anayerudi nyumbani, na nyuma ya mtu huyo inafuata harufu ambayo hakuwahi kukutana nayo: tamu kidogo, kavu, yenye joto la mbao iliyokaa juani, na chini yake kitu kama pilipili. Kulipokucha alitoka nje hata kabla ya kuosha uso, akamweleza Mbeti yote, tamu, kavu, joto, pilipili.

Mbeti alimsikiliza hadi mwisho. "Eeh," alisema. "Ni hiyo."

Pua ya Muhonja haijaamka hadi leo. Mwenyewe haisubiri tena kwa uchungu. Asubuhi hukaa na Mbeti penye jua, dishi likimeta mbele yao, mvuke ukisafiri ndani ya shaba. Juzi, mbingu zikiwa safi na Muhonja akielekeza vioo, Mbeti aliinua uso kidogo, akavuta hewa.

"Toa nguo kwenye kamba," alisema.

"Kwa nini, Mama Muoki?"

"Mvua. Iko huko upande wa Athi. Nasikia harufu ya mchanga uliolowa."

Muhonja alitazama mbingu isiyo na wingu. Kisha akafunika vioo, akaenda kuanua nguo.