Marahaba Kabla ya Shikamoo

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza. Kama hujawahi kwenda safari ndefu kwa baiskeli usijali, nitakueleza polepole, na mwishoni utaona kwamba kukanyaga pedali ndiyo sehemu iliyo rahisi.

Kila kiangazi, karanga zikishang'olewa, baadhi yetu wa Tabora mjini hufanya safari ya siku mbili ya kuchangisha. Siku ya kwanza tunakwenda Bukene na kulala huko. Asubuhi inayofuata tunamalizia Lusu, kwenye lango la zahanati. Mwaka ninaousimulia, michango ilikuwa ya kujenga chumba karibu na zahanati hiyo, ili wajawazito wanaotoka vijiji vya mbali wapate pa kulala wakisubiri siku yao.

Sheria ya safari ni moja tu. Nyuma ya wote linakuja gari, pikapu nyeupe, linatembea taratibu. Likikufikia, baiskeli yako inapakiwa, na wewe unapanda. Hakuna anayekulaumu. Ila utafika umekaa kama gunia la mpunga, na wenyeji watakuwa wamejipanga langoni wakitazama.

Tulikuwa marafiki watatu. Mmoja ni fundi cherehani wa mitaa ya zamani ya Tabora, ambaye mababu zake walikuja na misafara kutoka pwani wakachoka kurudi. Wa pili ni muuguzi, mzaliwa wa Lusu, aliyelelewa na shangazi yake. Wa tatu ni mimi, mwalimu niliyestaafu.

Mwaka uliotangulia gari lilikuwa limemchukua muuguzi kipande cha mwisho. Shangazi yake alikuwa kwenye lango la zahanati akamwona anateremshwa. Akamtazama, akachungulia ndani ya pikapu, akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Muuguzi alilibeba swali hilo mwaka mzima. Safari hii alitaka kitu kimoja: kuingia lango lile juu ya magurudumu yake mwenyewe.

Sasa, usidhani ni miguu iliyomwangusha. Siku ya kwanza anatuacha mbali, mimi na fundi hatuuoni hata mgongo wake. Shida yake ni siku ya pili. Kuanzia Bukene anaingia nchi ya kwao, na kando ya barabara wazee wamekaa wanabangua karanga. Binti wa kule hampiti mzee akiwa amekaa juu ya baiskeli. Anashuka, anailaza, anapiga goti, anaamkia, anaulizwa habari za mjini na za watoto, anajibu, anainuka, anapanda. Mita mia mbili mbele kuna mzee mwingine. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, utajua gari lilimfikiaje.

Asubuhi pale Bukene tulikuwa tunakunywa chai na chapati. Fundi akaanza.

"Nyie Wanyamwezi babu zenu walibeba pembe kwa miguu mpaka baharini. Leo mna magurudumu mawili, mnashindwa kufika Lusu."

"Babu zetu walibeba," muuguzi akasema. "Wa kwenu walikuwa nyuma wanahesabu. Ndiyo maana mpaka leo una mapaja ya kuku."

"Mapaja ya kuku yalifika mwaka jana. Ya ng'ombe yaliletwa na gari."

Muuguzi alicheka, kisha akairudisha chapati sahanini. Fundi akaona amegusa palipo na kidonda, akapunguza sauti. "Dada, leo usishuke. Wapungie mkono, wataelewa."

"Nikipita nimekaa, shangazi atakuwa ameshaambiwa kabla sijafika. Bora niletwe na gari."

"Lakini kila siku mnatuma salamu kwa madereva wa malori. 'Nisalimie mjomba, nisalimie bibi.' Sisi si watu? Tutume."

Muuguzi alikizungusha kikombe chake mara mbili. Kisha akaenda kukagua matairi yake.

Tulipanga hivi. Mmoja wetu anatangulia, anashuka kwa mzee wa kwanza, anaamkia vizuri, anaeleza. Muuguzi anakuja nyuma, anapita. Wakati huo mwingine ameshakwenda kwa mzee wa pili. Tunapokezana.

Mimi nilianza. Mzee alikuwa peke yake kwenye kigoda, ungo wa karanga magotini. Nikalaza baiskeli, nikaamkia, nikamweleza kwamba nyuma anakuja binti yao, ana heshima zake zote, ila akishuka gari litamchukua. Mzee aliendelea kubangua. Alimaliza karanga tatu au nne.

"Binti wa nani?"

Nikamtaja shangazi. Akaitikia kwa kichwa, akatema ganda.

"Apite. Lakini apite polepole, nimwone."

Muuguzi alipotokea, niliona mguu wake mmoja umeshaacha pedali. Mazoea hayaondoki kwa mpango wa chai. Mzee akainua mkono na kusema, kabla yeye hajafungua mdomo, "Marahaba, mwanangu. Kanyaga."

Muuguzi aliyumba, nusura aingie mtaroni. Katika maisha yake yote hakuwahi kupewa jibu kabla hajaamkia. Alisema shikamoo yake ameshampita mzee, huku amegeuza shingo.

Kuanzia hapo mambo yakawa mepesi kwake. Simu zilitutangulia. Kufikia kijiji cha tatu wazee wengine walikuwa wamesimama tayari, na marahaba zilikuwa zinamfikia kutoka pande zote mbili za barabara. Bibi mmoja alimpigia vigelegele.

Kwetu sisi yakawa mazito, maana salamu haikupotea. Ilihamia kwetu. Mzee aliyemruhusu binti apite alitaka habari zote kutoka kwa aliyetumwa, na aliyetumwa hawezi kusema ana haraka. Nilishuka na kupanda mpaka magoti yakaanza kulia. Kila nikishuka muuguzi ananipita, kila nikipanda namfukuza.

Kijiji cha mwisho kabla ya Lusu, bibi mmoja alinishika mkono na hakuuachia. Alikuwa ananieleza habari za mbuzi wake aliyezaa pacha. Nyuma yangu nikasikia injini. Dereva alisimamisha gari, na kwa kuwa yeye pia ni mtoto wa huku, akashuka kumwamkia bibi. Habari ya mbuzi ikarudiwa tangu mwanzo. Ilipokwisha dereva akaniambia kwa upole, "Mzee, panda. Sheria ni sheria."

Nikapanda.

Hivyo mwisho wa safari niliuona nikiwa nimekaa nyuma ya pikapu. Tulipolikaribia lango, muuguzi alikuwa anaingia, fundi nyuma yake. Alikwenda mpaka miguuni kwa shangazi ndipo akashika breki. Akashuka, akailaza baiskeli, akapiga goti kwenye vumbi, akakaa hapo muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Shangazi alimshika kichwa. Kisha akatazama nyuma ya muuguzi, akaniona nateremshwa.

"Na huyo mgonjwa ni nani?"

"Si mgonjwa, shangazi," muuguzi akasema, bado amepiga goti. "Ndiye aliyekuwa ananisalimia watu."

Shangazi alikuja mpaka kwenye gari, akanipa mkono, na kwa kuwa simu zilishamfikia, akaniuliza kama yule mbuzi kweli amezaa pacha. Nikamwambia amezaa. Tukaingia kunywa uji.

Chumba kimejengwa sasa, na safari inaendelea. Huenda siku moja ukapita barabara ile peke yako, bila wa kumtuma. Nilimuuliza shangazi mtu wa namna hiyo afanyeje, na alilolisema ndilo nakuachia. Ukimwona mzee mbele, acha kukanyaga kabla hujamfikia, toa mkono wa kulia kwenye usukani, sema shikamoo kwa sauti, na usikanyage tena mpaka umesikia marahaba.