Maua ya Kahawa Dirishani

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki iliyopita, na asubuhi hii harufu ya maua ya kahawa imeingia hadi jikoni.

Nilipokuwa mdogo, kibanja chetu cha kahawa kilipogeuka cheupe namna hii, bibi alitufungia watoto ndani tusije tukayapukutisha maua. Nilishika nondo za dirisha, nikisikiliza nyuki wakivuma.

“Bibi, nitaangalia tu, sitagusa.”

“Ukipita yanadondoka. Ua likidondoka mapema, hakuna buni. Tulia, mjukuu wangu.”

Siku ya nne alifungua mlango. Nilikimbia hadi kwenye mibuni, nikakuta maua yamenyauka, yamekuwa rangi ya chai.

Sasa kibanja ni changu, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Maua yamejaa hatua tatu kutoka mlangoni, nami bado nimeshika nondo.