Faili Nne za Kipimajoto

Solange Kahongya alijifunza kazi kwa kunakili. Wakati umeme ukikatika Butembo, alikuwa anaandika programu za watu wengine kwenye daftari, kwa kalamu, na umeme ukirudi anaziandika tena kwenye kompyuta mpaka azielewe. Alipofika miaka thelathini na mitatu alikuwa fundi wa karakana moja upande wa Rughenda, na mtu yeyote mwenye kifaa kisichoelewana na kompyuta alielekezwa kwake. Printa, mizani, kisoma kadi, vyote Solange aliviandikia pilote. Ndivyo tunavyoiita hapa ile programu ndogo inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na kuifundisha kompyuta kusema na kifaa kilichochomekwa.

Vituo vya afya vya upande wa Beni vilipoletewa vipimajoto vya friji za chanjo, kazi ilimwangukia yeye. Chanjo hukaa kati ya digrii mbili na nane. Ikiganda, imekufa. Solange aliandika faili moja ya kile kipimajoto cha kwanza, akaijaribu wiki nzima. Mwaka uliofuata ikaja aina nyingine, tofauti kidogo tu. Akanakili faili, akabadilisha mistari michache, akaipa jina jipya. Ikaja ya tatu, akanakili. Ikaja ya nne, akanakili ile ya tatu. Alijua kwamba hivyo si kupanga kazi, ni kuirundika. Alijiambia ataipanga siku moja.

Mwezi wa tatu, Ignace, msimamizi wa chanjo aliyetumwa Beni kutoka Kisangani, alimpigia simu.

"Solange, fika kule njia ya Mbau. Chanjo ya kituo kimoja yote iliganda, na infirmière, muuguzi wa pale, aliandika ndani ya daftari kama friji iko bien. Njo uone mashini, unipatie karatasi ya kusema haina shida. Barua yake ya sanction, ya kumpa adhabu, iko tayari."

Solange alipanda gari mpaka Beni, na kutoka Beni akachukua pikipiki. Alimkuta muuguzi, Antoinette Mbuyi, mwanamke wa Kasaï aliyekuwa na miaka minne pale, akiwaeleza wamama wenye watoto mgongoni kwamba leo hakuna chanjo, warudi watakapoitwa. Mmoja alikuwa ametoka shambani tangu alfajiri. Alimtazama Antoinette, akafunga kitenge upya, akaondoka.

Antoinette alimwonyesha daftari. Jumamosi asubuhi digrii tatu, jioni mbili. Jumapili asubuhi digrii tatu, jioni nne. Jumatatu alipotikisa chupa kabla ya kuchoma mtoto wa kwanza, aliona mabongemabonge ndani, akasimamisha kila kitu.

"Madame Solange, mimi niliandika kile macho yangu iliona," alisema. "Banasema nililala nyumbani, nikajaza tu. Miaka kumi na sita ya kazi, sijawahi kuandika uongo."

"Tupime, mama."

Solange aliomba barafu kwa mama anayeuza soda ng'ambo ya barabara, akaivunja ndani ya bilauri, akatia chumvi ya jikoni ili baridi ipite ile ya barafu tupu. Akazamisha kipimajoto cha friji. Wakaangalia skrini ya kompyuta pamoja. Nne. Tatu. Mbili. Moja. Sufuri.

Halafu moja. Mbili. Tatu.

Antoinette aligusa bilauri. Nje ilikuwa imeshika ukungu mweupe.

"Mbona inapanda? Hii kitu inanichoma vidole kwa baridi!"

Solange alikuwa ameshaelewa. Kifaa kilikuwa kinatuma alama ya kuonyesha kwamba joto liko chini ya sufuri, lakini pilote ilikuwa inaitupa ile alama na kubakiza namba peke yake. Digrii tatu chini ya sufuri ilionekana kama digrii tatu za kawaida. Na kosa lenyewe hakuwa analiona mara ya kwanza. Aliligundua miaka miwili nyuma, akalisahihisha kwenye faili ya kwanza, akasahau nyingine.

"Haipande, mama. Inashuka," alisema. "Daftari yako iko sawa. Kosa iko yangu."

Alidhani Antoinette atamfokea. Antoinette alivuta kiti, akakaa, akaweka daftari mapajani na kulifunika kwa viganja viwili.

"Utasema ile mbele ya Ignace?" aliuliza.

"Nitaiandika."

Ofisini Beni, Ignace alisoma karatasi mara mbili.

"Unajua nikituma hii juu, batasimamisha vipimajoto vyako vyote?"

"Basimamishe, chef. Viko nadanganya batu."

Wakavisimamisha kweli. Vituo vyote vikarudia vipimajoto vya zamani vya kioo. Barua ya Antoinette haikutumwa, na chanjo mpya ilifika baada ya siku kumi. Butembo, watu wawili watatu waliacha kumletea Solange kazi.

Alibandika karatasi nne ukutani, kila moja faili yake, akapiga mstari wa bluu juu ya kila kitu kilichofanana. Karibu kila kitu kikawa bluu. Sehemu hiyo akaiandika mara moja tu, mahali pamoja: kusoma kifaa, kuitunza ile alama, kugeuza namba kuwa digrii. Kila aina ya kipimajoto ikabakiwa na orodha fupi ya tofauti zake. Sasa kosa likipatikana, lilikuwa na mahali pamoja pa kusahihishwa.

Kile kiini cha mfumo ni mali ya wote; kazi yote akaituma kwa watu wanaokitunza, ambao wako nchi nyingi na hajawahi kuonana nao. Mmoja akamjibu kwa ukavu: "Umetuma mambo mengi ndani ya furushi moja. Leta kwanza sahihisho la kosa, peke yake, kwa faili zote tatu. Kuna watu wanaodanganywa na kifaa hicho leo. Kupanga kutafuata."

Solange alikasirika siku nzima. Siku ya pili akakubali kwamba yule mtu amesema kweli. Alitenganisha, akatuma, akarudishiwa, akatuma tena. Mara ya nne likakubaliwa.

Kabla ya kutuma mara hiyo ya nne alimpigia simu Antoinette. Alimweleza kwamba chini ya kila sahihisho huandikwa jina la aliyeleta habari ya kosa, na jina hilo halifutwi.

"Jina yangu? Ndani ya mashini ya bazungu?"

"Ya batu bote, mama. Hata ya hapa."

Antoinette alicheka. Kwenye simu ilisikika sauti ya mtoto anayelia, na ya mwanamke anayembembeleza.

"Bon," alisema. "Andika basi. Antoinette, na t mbili pale mwisho. Na Mbuyi, usisahau y mbele ya i. Bote banakosea pale."