Mkuki Alioachiwa na Kaka

Zimwi limemrusha tena ukutani fundi wa majokofu, na mdogo wake anacheka mpaka anashika mbavu. Fundi, bado na ovaroli lake la kazi, anaitazama pedi ya kuchezea kana kwamba imemtukana.

"Mdogo wangu, huu ni mkuki au mpini wa fagio?"

Mdogo wake anageukia kompyuta yake, anabadilisha tarakimu moja, anamwambia arudie.

Hiyo ndiyo kazi ya mwanamke huyu. Katika ofisi hii inayotengeneza gemu za mazimwi na wachawi, yeye husawazisha silaha. Upanga uwe mwepesi lakini ukulazimishe kusogea karibu na adui. Upinde ufike mbali lakini ukucheleweshe. Rungu liue kwa pigo moja, ukibahatika kulinyanyua. Wenzake wanamwita Bi Mizani, na wanaponuna naye humwita hivyo kwa sauti ya juu zaidi.

Wiki hii mizani yenyewe imemwelemea. Kati ya wachezaji mia, ni wanne tu wanaochagua mkuki. Wakubwa wa ofisi wamesema wazi kwamba usipopata wapenzi, toleo lijalo litatoka bila mkuki.

Kwa mwingine ni silaha tu. Kwake ni utoto mzima.

Walianza kucheza gemu katika chumba kidogo nyuma ya duka la kinyozi, yeye na kaka yake, wakigombea benchi lililokuwa na mguu mmoja mfupi. Kulikuwa na feni iliyogeuza shingo na kukwama upande wa ukuta. Kaka alikuwa mkubwa, basi upanga ulikuwa wake bila mjadala.

"Alikuwa ananiambia, 'Wewe dogo shika mkuki,'" anasimulia. "Na mkuki wa gemu ile ulikuwa bure kabisa. Nikajifunza hivyo hivyo. Unachoma, unarudi nyuma, unachoma."

Mama yao alipokuja kuwatafuta, alisimama kwanza mlangoni mpaka raundi iishe, ndipo akaanza kugomba. Mama hayupo tena. "Nazikumbuka mno siku zile," anasema Bi Mizani.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyouponza mkuki. Kwa kuwa ofisi nzima ilijua anaupenda, aliogopa kuonekana ana upendeleo. Kila alipoujaribu mwenyewe, zimwi lilianguka upesi. Akauona una nguvu mno, akaupunguza makali, kisha kasi, kisha urefu. Hakukumbuka kwamba mkono ulioujaribu ulikuwa umeuzoea tangu utotoni.

Alishtuka alipomtembelea kaka yake na kumwonyesha kazi yake. Kaka aliukimbilia upanga, akashinda. Alipopewa mkuki, alikufa kabla hajapepesa jicho.

"Pale ndipo nilipojua nimeuua mwenyewe," anasema. "Nikamwambia kaka, omba ruhusa kazini, nakuhitaji."

Ndiyo maana leo fundi yuko hapa, anapigwa kwa faida ya umma.

"Tatizo si kuchoma," anaeleza sasa, akimwonyesha kidole shujaa wake kwenye skrini. "Nikishachoma, huyu jamaa anachelewa kuurudisha. Utadhani anavua koti. Zimwi linamngoja tu."

Bi Mizani anakaa wima. Anaufupisha muda wa kuurudisha mkuki, kidogo, kisha kidogo tena. Makali hayagusi. Fundi anachoma, anarudi nyuma, anachoma. Safari hii zimwi linapiga magoti na kuanguka kifudifudi, na fundi anajikuta amesimama.

Msimamizi, aliyekuwa akichungulia nyuma ya viti vyao, anajikuna kidevu. "Haya, uingie toleo lijalo," anasema. "Watu wakiukataa tena, sitakuwa na la kukutetea."

Machozi yanamlenga Bi Mizani, naye hayafichi. Anasema ana tumaini moja tu. "Mahali fulani kuna ndugu wawili watakaa mbele ya skrini moja. Mkubwa atachukua upanga, hilo siliwezi. Nataka tu yule mdogo asijione amepewa makombo."

Anavuta kiti karibu, anachukua pedi ya pili, kisha ananyoosha mkono kwa kaka yake wabadilishane silaha.

Kaka anaivuta ya kwake kifuani.

"Wewe dogo shika upanga," anasema. "Huu siuachii."