Mshenga Afundishwa Poka

Nilikwenda Msambweni kupokea jibu la posa ya mpwa wangu, nami nilikuwa mshenga pekee. Mshenga haondoki bila jibu. Akiinuka mapema, huhesabiwa kuwa ameiondoa posa mwenyewe. Ami yake msichana aliyeposwa, walii wake wa kumwoza tangu babake alipofariki, aliyajua hayo. Alinikaribisha ukumbini, akaniarifu kwamba chakula kingali jikoni, kisha akatoa karata. Alikuwa ameujifunza mchezo wake katika hoteli moja ya Diani alikofanya kazi miaka mingi.

Nilimweleza kwamba maisha yangu yote ya ualimu, pale Waa, nimewakanya wanafunzi wasicheze kamari. Akanimiminia rundo la mbaazi kavu.

"Basi leo Mwalimu atacheza kwa kitoweo," alisema. Nyuma ya pazia wanawake wakacheka.

Hivyo nikafundishwa poka. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri. Tano nyingine hufunuliwa mezani, tatu kwanza, kisha moja, kisha moja, na mtu huchagua tano zilizo bora katika hizo saba. Jozi hushindwa na jozi mbili. Tano za kopa tupu huzishinda zote hizo. Mwenye karata dhaifu huzitupa, au huongeza mbaazi kwa uso mkavu hadi mwenzake aogope.

Nilishindwa mara tatu. "Mwalimu, uso wako unasoma karata kwa sauti," aliniambia.

Mara ya nne nilishika karata zisizo na maana, nikasukuma mbaazi zangu zote, nikatazama ukuta. Alifikiri kitambo, akatupa zake. Nilifurahi, na furaha ile inanitia haya hadi sasa.

Akachanganya karata tena. Bila kuinua macho akauliza, "Kijana wenu, kwenye simu yake, hachezi kamari?"

Mwezi uliotangulia mpwa wangu alikuwa ameniungamia, akilia, kwamba kuacha kubeti kumemshinda. Kusema kweli kungeivunja posa. Kunyamaza kungekuwa kusema kweli. Viatu vyangu nilikuwa nikiviona pale mlangoni, lakini kuinuka kungekuwa kuiondoa posa.

"Hachezi," nilijibu, kwa uso ule ule niliofundishwa punde.

Alinitazama sana. "Sikuapishi, Mwalimu. Neno lako latosha."

Akawaambia wanawake kwamba posa imekubaliwa. Vigelegele vikapigwa, chakula kikaletwa, nikala.

Wameoana sasa. Kila wajapo Waa, binti yule huniamkia shikamoo kwa adabu, nami huitikia marahaba, nisithubutu kumuuliza habari za nyumbani kwake.