Kidole cha Malkia

Mama aliyekuwa akiosha sanamu pale uwanjani walimwita Mjakazi, maana kila asubuhi alimwogesha Malkia. Ni Malkia wa jiwe jeupe, wa enzi za mababu, amenyoosha kidole kuelekea posta. Ukiuliza kidole kinaonyesha nini, mama alikujibu, "Anaulizia barua yake." Alipenda mzaha sana.

Wiki ile ya ukaguzi lakini mzaha ulimkauka mdomoni. Miaka minne iliyopita, akiwa anasugua, kidole kile kilimbakia mkononi. Alikifunga kitambaani, akampelekea mumewe, fundi viatu, naye akampa gundi ya soli. Ikashika. Ila gundi ya soli na jua havipatani. Kila adhuhuri kidole kililegea kikainama, na kila adhuhuri mama alipanda ngazi, akajifanya anafuta vumbi, akakinyoosha. Sasa mkaguzi wa mambo ya kale alikuwa anakuja, na mkubwa wa usafi alishatangaza: atakayekutwa ameharibu kitu, kazi hana. Mama alibakiza miezi mitano tu astaafu.

Mkaguzi akaja na mkubwa saa sita kamili, jua la utosi. Kidole kikaanza kuinama.

"Bwana, ngoja nimfute kidogo," mama akasema, jasho linamtiririka.

"Panda, mama, nikushikie ngazi," mkaguzi akajibu.

Huko juu, alipokigusa tu, kidole kikang'oka. Akashuka nacho, akakiweka kiganjani mwa mkaguzi, akasema yote, mpaka habari ya gundi.

"Miaka minne!" mkubwa akafoka. "Kesho usinijie hapa!"

"Taratibu, mzee," mkaguzi akamkatiza, akiinua macho kwenye sikio na taji la Malkia, vyote vimemeguka. "Mama, na vipande vingine vilivyodondoka?"

"Ninavyo nyumbani. Cha sikio, vya taji... nimevitia kwenye kopo."

"Basi huyu haondoki. Bila yeye, Malkia tutamrudishia sikio gani? Nenda kavilete sasa hivi."

Mama alikwenda mbio, roho juu, kwani mumewe haoni kopo asilitie misumari. Akamkuta barazani, kopo liko miguuni pake, limejaa misumari pomoni.

"We baba, vijiwe vyangu viko wapi?"

"Vimo kwenye kiatu kile cha kushoto," fundi akajibu bila kuinua macho. "Fanya haraka, mwenyewe anakuja kukichukua."

Mama akakipindua kiatu mapajani, akavigusa kimoja kimoja. Vilikuwamo vyote.